Wasomaji Wauliza: Mwanachama Akisema Ameridhika, Tumwamini?

Barua nne za mwezi huu zimetoka Mwanza na kandokando ya ziwa. Waandishi wake hawafahamiani, lakini wote wanauliza kuhusu uhusiano wa mwanachama na klabu ya michezo ya mtaani kwake. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu jibu lake linazigusa zote.

Swali: Ndugu mwandishi wa safu, mimi ni katibu wa klabu ya michezo hapa Igoma. Daftari letu lina wanachama 140, na tuna timu ya mpira wa miguu, timu ya netiboli na kundi la jogingi la kila Jumamosi. Mwezi uliopita mwenyekiti aliniagiza niweke kura kwenye kundi letu la WhatsApp yenye swali hili: "Je, umeridhika na klabu yako?" Walijibu watu 61, na 54 kati yao wakasema ndiyo. Tulifurahi sana. Wiki mbili baadaye tukaitisha mkutano mkuu, wakaja watu 19, na ada ya mwezi huo ikalipwa na watu 33 tu. Mwenyekiti anasema watu ni wavivu. Mimi sina amani. Je, kuridhika huko ni kwa kweli? – *Katibu, Igoma*

Jibu: Ndugu Katibu, ninakushukuru kwa kuleta hesabu zako zote bila kuificha ile inayouma. Mashaka yako yana msingi, na ni vyema tuyafuatilie kabla ya kumlaumu mtu yeyote kwa uvivu.

Waliosema wameridhika ni 54 kati ya 61 waliojibu, na ukiishia hapo utaona karibu watu tisa katika kila kumi. Lakini klabu yako ina wanachama 140. Wanachama 79 hawakujibu kabisa, na hao ndio wengi. Huna haki ya kuwaweka upande wa ndiyo wala upande wa hapana. Unachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba wale waliotamka kuridhika hawafiki wanne katika kila kumi ya wanachama wako. Tena, mtu aliyekwisha kuichoka klabu ndiye wa kwanza kuacha kufungua ujumbe wa kundi, kwa hiyo huenda kimya hicho kimebeba manung'uniko mengi kuliko mnavyodhani.

Jambo la pili ni namna swali lilivyoulizwa. Kura ya WhatsApp huonyesha jina la kila aliyepiga na upande alioupigia. Mwanachama wa Igoma anayebonyeza "hapana" anajua kwamba mwenyekiti ataliona jina lake jioni ileile, na mwenyekiti huyo pengine ni jirani yake, au mjomba wa mkewe, au mwenye duka anakochukua unga kwa mkopo. Sisi tumelelewa kumstahi mtu mzima mbele za watu. Kusema "ndiyo" katika hali hiyo ni adabu, na adabu ni jambo jema, ila haikuambii lolote kuhusu mazoezi ya Jumanne wala kuhusu fedha za jezi.

Kutoka kwenu Igoma hadi Bujora, pale Kisesa, ni mwendo mfupi tu, na bila shaka umewahi kuhudhuria sherehe za Bulabo ukawaona Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wakishindana. Makundi mawili hucheza wakati mmoja, kila kundi likiwa na manju wake, yaani kiongozi wa ngoma na nyimbo, na mshindi ni lile lililovuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Hakuna anayepita na karatasi kumuuliza mtazamaji ameridhika kiasi gani. Ngoma ikipoa, anaondoka kimya kimya na kwenda kusimama kwingine, na manju mwenye akili huuona uwanja ukipungua mapema, akabadilisha wimbo kabla hajabaki na ndugu zake peke yao. Wasukuma wamekuwa wakipima hivyo tangu enzi za mababu, na sijaona kipimo kinachokishinda.

Klabu yako nayo ina miguu ya kuhesabu. Una daftari la mahudhurio ya mazoezi, una orodha ya waliolipa ada, na unajua ni wanachama wangapi wapya walioletwa na wanachama wenzao katika mwaka uliopita. Hilo la mwisho mimi hulipa uzito mkubwa, kwa kuwa mtu hamwaliki rafiki yake mahali ambapo yeye mwenyewe anaona aibu kuwapo. Ziweke takwimu hizo mezani mwezi kwa mwezi, na utaona ni lini hasa watu walianza kuondoka. Kisha jiulize ni nini kilichotokea mwezi ule.

Nitakueleza kisa cha kwangu. Kwa miaka mitatu nilikuwa mweka hazina wa klabu moja ya maveterani. Nilipopokea kazi hiyo, ada ilikuwa ikilipwa na wachache sana, na sote tuliamini kwamba sababu ilikuwa kufungwa kila Jumapili. Tukatafuta wachezaji, tukaanza kushinda, na ada haikupanda hata kidogo. Siku moja mwanachama mmoja, fundi seremala asiyependa maneno mengi, aliniuliza kwa upole ni wapi zilikokwenda fedha za mipira miwili iliyochangiwa mwaka uliotangulia. Sikuwa na jibu, kwa sababu aliyenitangulia hakuacha risiti hata moja. Kuanzia mwezi uliofuata nikawa naandika mapato na matumizi kwenye karatasi moja na kuibandika ukutani kwenye kibanda tulichokuwa tukinywea chai baada ya mazoezi, pamoja na risiti zenyewe. Nilimwandikia pia fundi yule, kwa jina, kwamba suala la mipira halikupata maelezo na kwamba kamati inaomba radhi. Msimu ule tulifungwa mechi nyingi kuliko tulizoshinda, na ada ikalipwa kuliko wakati wowote niliowahi kushuhudia.

Tangu hapo ninaamini kwamba kinachomridhisha mwanachama wa klabu ya mtaani, kuliko kombe na kuliko jezi mpya, ni kujua kwamba akiuliza atajibiwa. Anaweza kuvumilia uwanja wenye mashimo na kocha mwenye sauti kali. Anaweza hata kuvumilia kukataliwa ombi lake, mradi aelezwe sababu. Asichoweza kuvumilia ni neno lake kuanguka kama jiwe ziwani, likazama na maji yakafunga juu yake.

Sasa kuhusu kuuliza upya, maana hamna budi kuuliza upya. Tumieni karatasi zisizo na jina na sanduku lililofungwa, na anayefungua sanduku asiwe kiongozi. Mwalimu wa shule ya jirani au mtu yeyote anayeheshimika nje ya klabu atafaa. Kwa kuwa ninyi ni 140 tu, hamhitaji kuchagua wachache wa kuwawakilisha wengine. Mfikieni kila mmoja, hata kwa kumfuata nyumbani, na hasa wale walioacha kuja. Mtu aliyekwisha kuondoka hana cha kupoteza, kwa hiyo husema ukweli ambao aliyebaki anaumeza.

Maswali yawe machache na yahusu mambo yaliyotokea. Ukimuuliza mtu kama ameridhika, atakujibu kwa heshima. Ukimuuliza, "Mara ya mwisho ulipokosa mazoezi, ni nini kilichokuzuia?" atakumbuka siku yenyewe na kukutajia mvua, au nauli ya daladala, au saa iliyobadilishwa bila taarifa, au maneno ya kocha. Muulize pia kama katika miezi sita iliyopita aliwahi kupeleka jambo kwa uongozi, na kama alipata jibu. Kama mnataka alama za 1 hadi 5, sawa, ila msikimbilie wastani. Chukua watu kumi: watano wakitoa alama 5 na watano wakitoa 1, wastani ni 3, na kamati itaandika kwamba klabu iko katikati, wakati ukweli ni kwamba nusu ya watu wana furaha na nusu wako mlangoni. Tenganisheni majibu ya mpira wa miguu, netiboli na jogingi, ya wazee na vijana, kisha muone mpasuko uko wapi.

Mkikwisha kuhesabu, wasomeeni wanachama matokeo yote ndani ya wiki mbili, pamoja na yale yanayowaumiza viongozi. Mkiyafungia kabatini, hojaji ya mwaka ujao haitajibiwa hata na hao 61. Na mfikishie mwenyekiti salamu zangu za heshima: watu 33 waliolipa ada bila kuelezwa chochote si wavivu, na anapaswa kuwashukuru.

Swali: Mimi ni mchezaji wa netiboli katika klabu moja huku Kitangiri. Tunalipa ada sawasawa na wanaume, lakini uwanja wa klabu unakuwa wao kuanzia saa kumi jioni hadi watakapochoka. Sisi tunapewa nafasi wakati giza linaingia, na wenzetu wengine wameanza kukatazwa na waume zao kwa sababu ya kurudi usiku. Tukilalamika, viongozi wanasema klabu nzima imeridhika na hawajawahi kuletewa malalamiko rasmi. Tufanye nini? – *Dada wa netiboli, Kitangiri*

Jibu: Dada yangu, barua yako imeniudhi kwa niaba yako, na nitajaribu kuijibu kwa utulivu.

Neno "rasmi" ndilo linalowakinga viongozi wenu, kwa hiyo tuanze kwa kuwaondolea kinga hiyo. Andikeni barua moja fupi, mtie saini wote, ielekezwe kwa katibu, na nakala yake isainiwe na anayeipokea pamoja na tarehe. Humo msiandike kwamba hamthaminiwi, ingawa ni kweli. Andikeni saa. Huku kwetu, karibu na Ikweta, jua halibadilishi ratiba yake sana. Mwaka mzima hapa Mwanza jua huzama karibu na saa moja jioni. Hiyo ina maana kwamba kati ya saa kumi na machweo kuna takriban saa tatu za mwanga kila siku, na hizo ndizo mali halisi ya klabu isiyo na taa. Wekeni katika jedwali nani ametumia saa ngapi za mwanga kwa wiki nne mfululizo, mkiambatanisha idadi ya wanaolipa ada kila upande. Karatasi hiyo itasema yenyewe.

Huenda wakajibu kwamba uwanja hautoshi. Kiwanja cha netiboli kina urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25, wakati uwanja kamili wa mpira wa miguu wa mita 105 kwa 68 ni mkubwa kuliko huo zaidi ya mara 15. Hata kama uwanja wenu wa mtaani ni mdogo kuliko kipimo hicho, mara nyingi pembeni hubaki kipande cha ardhi ambacho kikisawazishwa kwa jembe na kupigwa mistari ya chokaa kinawatosha wachezaji saba kwa saba, bila kumwondoa mwanamume yeyote katika mazoezi yake. Pendekezeni hilo kabla hamjaombwa pendekezo.

Kama klabu yenu imesajiliwa, ina katiba, na katiba hiyo inaeleza mkutano mkuu unaitishwaje na wanachama wangapi wanaweza kuudai. Ombeni nakala, ni haki yenu. Michezo nchini mwetu inasimamiwa na Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na katika halmashauri yenu ya Ilemela kuna afisa michezo ambaye kazi yake ni pamoja na kusikiliza mambo kama haya. Mwendeeni baada ya uongozi kushindwa kujibu, si kabla, ili asije akawarudisha mlikotoka.

Na hao waume wanaokataza, ninawasihi wasome barua hii hadi mwisho, kisha waende wenyewe kwa mwenyekiti wa klabu kudai saa za mwanga kwa ajili ya wake zao.

Swali: Shikamooni. Mimi ni mzee wa Mabatini, niliyeishangilia timu ya Pamba tangu ikiitwa TP Lindanda na uwanja wa Kirumba ukijaa hadi watu wakakosa pa kukaa. Sasa timu imerudi Ligi Kuu na nafurahi, lakini sijui mimi ni nani kwake. Sina kadi, sijawahi kuitwa mkutanoni. Je, mtu kama mimi ana haki ya kusema hajaridhika? – *Mzee wa Mabatini*

Jibu: Mzee wangu, marahaba, na shikamoo nakurudishia maana wewe ndiwe mkubwa.

Mshabiki na mwanachama ni watu wawili, ingawa mara nyingi wanavaa jezi moja. Mshabiki ana moyo. Mwanachama ana moyo na kura. Mwaka 2017 wanachama wa Simba walipokubali klabu yao iingie katika mfumo wa hisa, serikali ilisisitiza kwamba asilimia 51 zibaki kwa wanachama. Ujerumani nako, tangu mwaka 1998, kanuni ya ligi yao imetaka wanachama wa klabu wabaki na zaidi ya nusu ya kura hata pale klabu inapounda kampuni. Kote huko watu waliona kwamba bila kura, kuridhika kwa mtu wa kawaida kunakuwa hisani ya mwenye fedha.

Pamba ya leo ni Pamba Jiji, na jina hilo lenyewe linakuonyesha mlango wa kubisha. Timu iliyo chini ya halmashauri ya jiji ni ya wakazi wa jiji, nawe ni mkazi. Swali lako kuhusu bei ya tiketi, jukwaa la wazee au matumizi ya fedha lipeleke kwa diwani wako alifikishe katika Baraza la Madiwani, kama ambavyo ungempelekea suala la barabara au la maji.

Sisemi hivi kwa sababu timu inafanya vibaya au vizuri. Jiji hili limekwisha kuona jinsi ushindi unavyopita. Mwaka 2017 Mbao FC, timu ya hapa Mwanza, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho kule Dodoma na kuilazimisha Simba kucheza muda wa nyongeza kabla ya kufungwa 2–1, na Mwanza nzima ilitembea kifua mbele. Baada ya msimu wa 2019/20, Mbao na Alliance, timu nyingine ya hapa, zilishuka daraja pamoja, na waliozishangilia hawakuwa na mahali pa kuuliza kulikoni. Pamba ilipopanda mwaka 2024, wazee kama wewe walikuwa wamesubiri zaidi ya miaka 20. Subira ya namna hiyo inastahili angalau kiti kimoja kwenye meza ya mazungumzo, na ningefurahi kuona uongozi wa timu ukiwaita wazee wa Mabatini, Kirumba na Igogo, hata mara moja kwa mwaka, uwasikilize.

Swali: Mwanangu wa miaka 11 amejiunga na kikundi cha watoto kinachofundishwa kupiga makasia huku Luchelele. Anakipenda mno. Wazazi tulipoulizwa, karibu wote tulisema tumeridhika, kwa sababu watoto wana furaha na ada ni ndogo. Lakini nimegundua kwamba watoto ni 20 na jaketi okozi ni 8. Naogopa kusema nisionekane mchonganishi. – *Mama, Luchelele*

Jibu: Mama, sema leo.

Katika mambo yote niliyoyaandika hapo juu, maoni ya wanachama yana uzito mkubwa. Katika hili hayana. Mtoto wa miaka 11 ataridhika na mtumbwi wowote unaoelea, na mzazi ataridhika na uso wa mwanawe anaporudi akicheka. Watu wa ziwa hili tunaikumbuka meli ya MV Bukoba iliyozama Mei 21, 1996, na tunaikumbuka MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara mnamo Septemba 20, 2018 na kuchukua roho za watu zaidi ya 220. Hakuna aliyepanda vyombo hivyo akiwa na wasiwasi wa kumzuia kupanda.

Mtafute mwalimu wa kikundi kwa faragha, umweleze kwa heshima, na umwombe muitishe wazazi kuchangia jaketi 12 zilizobaki, zenye ukubwa wa watoto na zinazofungika vizuri kifuani. Kama hajui ni zipi zinazofaa, aulize Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, ambalo linasimamia usalama wa vyombo vya majini. Mwulizeni pia watoto wanaingilia wapi majini, kwa kuwa kwenye maji ya kina kifupi yenye magugu ndimo walimo konokono wa kichocho, na mhakikishe watoto wanapata dawa zinapogawiwa shuleni.

Hadi jaketi hizo zitakapopatikana, waingie majini watoto wanane kwa zamu, na wale 12 wasubiri nchi kavu.